Kuendesha gemu la meza la majini na mizimu hapa Kigoma: mwongozo kamili kwa mnaokwama sesheni ya kwanza

Gemu lenyewe ni la kusimulia: mwendeshaji anaeleza kinachotokea, kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, dadu zinaamua, na kikao kimoja cha kucheza ndo sesheni. Maswali yanayokuja kwa wanaoanza ni yaleyale. Mtu kakusanya washkaji wanne, kaandika kurasa kibao za historia ya majini na koo zao, wamekaa, wamerusha dadu saa moja, halafu kila mtu kashika simu yake anaangalia matokeo ya mpira. Wiki inayofuata hakuna anayekuja.

Shida sio washkaji, na wala sio dadu. Umeanza na jini wakati ulitakiwa uanze na shida ya mtu. Jini hata awe mkali vipi, kama hajamgusa mtu ambaye mchezaji anamjali ni pambo tu. Hatua zote hapa chini zinazunguka hapohapo, na zifuate kwa mpangilio maana wengi wanaruka ya 3 halafu wanashangaa kwa nini ya 6 haishiki.

Mifano yangu yote ni ya Kigoma mjini. Watu wa Tabora badilisheni majina ya mitaa muendelee, ila ziwa hatuwaazimi.

## Vitu vya kuandaa kabla

- Wachezaji 3 mpaka 5, wewe mwendeshaji haumo kwenye hesabu. Wawili wanachoka haraka, sita hawapati zamu.
- Dadu 2 za kawaida, zilezile za ludo. Sio lazima uagize zile za pembe nyingi.
- Kauntabuku moja na kalamu za rangi mbili, moja ya yaliyotokea na nyingine ya yatakayotokea.
- Karatasi za A4 chache, kata kila moja vipande vinne.
- Punje za maharage kama 30. Hizi ni madeni, nitaeleza.
- Kalenda yenye tarehe za Kiislamu, zile zinazobandikwa ukutani. Tarehe 14 na 15 mwezi umejaa, mwisho wa mwezi ni giza. Utaihitaji sana.
- Taa ya kuchaji, maana umeme ukikatika katikati ya sini (tukio la stori) ya kutisha ni raha, ila lazima muone dadu.
- Sehemu tulivu ya masaa matatu. Sebuleni sawa, barazani sawa. Kijiweni hapana, pale kuna mzee wa drafti ambaye baada ya dakika kumi atawaambia majini hayafanyi hivyo, na mkianza kubishana naye usiku umeisha.

Kanuni ninayotumia ni nyepesi: rusha dadu 2, jumlisha, ongeza namba ya mhusika (0, 1 au 2, kulingana na anavyoliweza jambo hilo). Ukipata 10 kwenda juu umefanikiwa. 7 mpaka 9 umefanikiwa lakini kuna gharama. 6 kushuka chini, mambo yanaharibika.

## Hatua ya 1: Wekeni mipaka mezani

Hii watu wanaiona kama utani wanairuka. Usiiruke.

Sisi tunacheza mambo ambayo jirani anayaamini kweli. Huku magharibi na kanda ya ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho ambayo yameharibiwa na moshi wa kuni. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo. Kwa hiyo mezani kwangu mambo matatu hayaingii kabisa: bibi kizee wa kusingiziwa uchawi kama adui, mtu mwenye ualbino kama dawa au kama kiumbe, na mtu halisi wa mtaani hata mkibadilisha jina. Mganga wa kweli, shehe wa kweli, mchungaji wa kweli, wote nje.

La nne ni la mkoa wetu zaidi. Tumepokea watu kutoka Burundi na Congo miaka mingi, kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996, na huenda kati ya wachezaji wako kuna ambaye mama yake alivuka ziwa usiku. Mgeni wa ng'ambo asiwe ndo zimwi kila mara. Ni uvivu, na inaumiza.

Mizimu ya ukoo wa mtu pia iacheni. Tungeni wenu.

Halafu chukua kipande kimoja cha karatasi, andika BREKI, weka katikati. Yeyote akikigusa, mnaruka hiyo sini, haulizwi kwa nini. Utajua hatua hii imekaa vizuri pale mtu mmoja akitaja kitu ambacho hataki kiwemo na wengine wakasema poa bila kumcheka.

## Hatua ya 2: Chora mji wa sehemu tano, basi

Usichore Kigoma nzima. Sehemu tano zinatosha kampeni nzima (yani stori moja ya sesheni nyingi), kwa sababu mchezaji anakumbuka sehemu aliyorudi mara tatu kuliko sehemu kumi alizopita mara moja. Mimi hutumia hizi:

Stesheni. Mwisho wa reli, reli iliyofika hapa 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar. Jiulize: ni nini kinachopanda treni kikiwa hakina tiketi, na kwa nini kinashukia hapa ambapo reli haiendi mbele tena?

Bandarini. Hapa una MV Liemba. Wajerumani waliileta vipandevipande kutoka kwao, ikaunganishwa Kigoma, ikashuka majini 1915. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe makusudi wasije wakaichukua maadui, lakini kabla ya hapo wakapaka injini grisi vizuri kabisa. 1924 Waingereza wakaiibua, 1927 ikarudi kazini. Sasa meli imelala chini ya ziwa miaka minane halafu ikaibuliwa, wewe unatafuta jini gani lingine? Swali la kuandika kwenye kauntabuku ni moja tu: walipoinyanyua, nini kilipanda nayo?

Kibirizi. Dagaa, mitumbwi, boti za kwenda Gombe. Kesi ya kwanza itaanzia hapa.

Soko la Mwanga. Kila habari inapita hapa, na kila kitu kina bei.

Ujiji. Mji wa zamani, mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa. Kila mtu anawaza Livingstone na Stanley na mwembe walipokutania 1871. Wewe waache hao wazungu wapumzike, fikiria waliopita pale wakiwa wamefungwa na hakuna aliyeandika majina yao. Ila hapa ingia kwa adabu, sio sehemu ya kurushia vituko.

Kwa kila sehemu andika mistari mitatu: nani yupo mchana, nani yupo usiku, huyo wa usiku anadai nini. Ukizidisha mistari mitatu umeanza kuandika kitabu, acha.

## Hatua ya 3: Amua kwa nini watu wananyamaza

Hapa ndo gemu zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Gemu nyingi za aina hii zimeandikwa Marekani na Uingereza, na kule kanuni ni kwamba mtu wa kawaida haamini, akiona kitu anajiambia labda nimelewa. Hebu ilete hiyo Ujiji uone. Mchezaji wako atakuuliza, sasa bibi yangu hapo anashangaa nini? Na yuko sahihi. Huku hakuna wa kushangaa kwamba vitu vipo. Kazi ni kumpata atakayesema kwa mdomo wake kwamba kaona, maana ukisema umeona, na wewe utaulizwa uliona kwa macho gani.

Kwa hiyo badala ya kuficha uchawi kwa watu kutokuamini, ufiche kwa ukimya wenye sababu. Kanuni yangu ni hii, ichukue kama ilivyo: anayesimulia anahamisha deni. Aliyeona kitu anadaiwa. Akikusimulia wewe, deni linahama, linakuja kwako. Ndo maana muuza migebuka atakwambia "mimi sijaona kitu mwanangu" huku anaangalia chini, na ndo maana mtu ambaye hakupendi anaweza kuja kukusimulia mwenyewe bila kuombwa, tena kwa kirefu.

Maharage yanaingia hapa. Shahidi akifunguka, mchezaji aliyesikiliza anachukua punje moja anaiweka mbele yake. Wewe mwendeshaji unaweza kuidai punje hiyo wakati wowote: kitu kinamtokea yeye, sio mwenzake. Kinaweza kuwa kidogo (maji ya ndoo yamekuwa ya chumvi) au kikubwa (anayegonga mlango saa nane usiku analijua jina lake la utotoni).

Faida yake ni kwamba kila mahojiano yana bei. Wachezaji wanaanza kugombana nani asikilize. Mmoja akisema "mimi natoka nje, msikilize nyie", kanuni imeingia.

Onyo: usidai punje zote siku moja. Ukidai kila kitu haraka wanaacha kuuliza watu maswali, na gemu la upelelezi ambalo hakuna anayeuliza maswali limekwisha.

## Hatua ya 4: Wahusika wawe na kazi na mtu

Usikubali "mimi ni muuaji wa majini, sina ndugu." Huyo hana pa kubanwa.

Kila mhusika awe na kazi ya mjini hapa (bodaboda, nesi, fundi simu, mpishi wa mihogo, karani bandarini), mtu mmoja anayemtegemea, na kitu kimoja anachokiweza ambacho wengine hawakiwezi. Kitu kimoja tu. Nesi anasikia mapigo ya moyo ya asiyekuwepo. Fundi simu anapokea simu kutoka namba zilizofungwa. Dereva boda hapotei njia hata kwenye ukungu, ila kuna kona moja ya mtaa wa Gungu hawezi kupita.

Mwisho kila mmoja aseme anamdai nini mwenzake wa kushoto, kwa sentensi moja. "Uliniambia utamlea mbuzi wangu, yuko wapi?" inatosha kabisa. Kundi lisilodaiana halina sababu ya kukaa pamoja zamu ikiwa ngumu.

## Hatua ya 5: Weka saa ya mwezi

Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza, wanawasha taa, dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, mitumbwi inakaa ufukweni, nyavu zinashonwa. Yani mji una saa yake tayari. Wewe itumie.

Mezani kwangu siku za giza ziwa ni la watu, zile taa zote unazoziona usiku kama mji mwingine juu ya maji ndo mpaka wenyewe. Siku za mbalamwezi ziwa ni la wenye ziwa. Hakuna mkataba ulioandikwa, kila mtu anajua tu.

Chora duara, ligawe vipande 6. Kila kipande andika kitakachotokea kama wachezaji hawafanyi kitu. Paka rangi kipande kimoja wakipoteza muda, au wakipata 6 kushuka chini kwenye jambo zito. Duara liwe wazi mezani walione, usilifiche, hofu inatokana na kuona kipande cha tano kimejaa.

Ukitaka kampeni ndefu, kumbuka mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wazaliane. Miezi mitatu bila taa hata moja juu ya maji. Nadhani unaona mwenyewe hiyo ni msimu mzima wa gemu.

## Hatua ya 6: Kesi ya kwanza ianze na shida ya mtu

Nakupa yangu nzima, ichezwe kama ilivyo.

Wasomee hivi, polepole:

"Saa kumi na mbili asubuhi, Kibirizi. Mama Zawadi amekuja kugeuza dagaa wake kwenye chanja. Aliwaanika jana mchana, jua lilikuwa kali, jioni walikuwa wakavu wanavunjika. Sasa hivi wanarukaruka. Wote. Na kila mmoja kichwa kakigeuzia ziwani. Mama Zawadi hajapiga kelele. Ametandika khanga juu ya chanja, amekaa pembeni, amekupigia simu wewe. Mkopo wa kikundi anarejesha Ijumaa."

Angalia kilichopo hapo. Jini halijatajwa. Kuna mama, kuna mzigo, kuna marejesho ya Ijumaa. Mchezaji hata kama hajui chochote kuhusu ulimwengu wako anajua cha kufanya: amsaidie huyu mama asiaibike kwenye kikundi.

Ukweli wa kesi (wako, usiwasomee): mwenye mtumbwi mmoja alikuwa na madeni, akawalazimisha vijana wake watoke usiku wa mbalamwezi. Wakavua. Walichovua sio cha kuvuliwa, na kwa sababu hakikuwa cha watu hakiwezi kufa mikononi mwa watu. Mwenye Ziwa anataka mzigo wote urudi majini kabla siku za giza hazijaingia. Mzigo usiporudi, atawazuia wavuvi siku zao zote za giza.

Sasa dalili. Kwa kila jambo ambalo wachezaji LAZIMA walijue, weka dalili tatu sehemu tatu tofauti, kwa sababu moja wataikosa, ya pili wataielewa vibaya, ya tatu ndo itawaokoa. Jambo la lazima hapa ni kwamba walivua usiku usio wao:

1. Taa zote za mtumbwi ule zimeungua kwa mpigo, fundi wa Mwanga anazo kwenye ndoo na hazikupata shoti.
2. Tarehe kwenye daftari la mnunuzi wa ufukweni, ukilinganisha na kalenda ya ukutani, ni ya 15. (Hapa unawapa wachezaji ile kalenda waishike. Wakigundua wenyewe watapiga kelele, nakuhakikishia.)
3. Kijana mmoja wa mtumbwi kajificha kwa dada yake Gungu, hataki kulala, kila akifumba macho anasikia anaitwa kwa kuhesabiwa, kama samaki wanavyohesabiwa.

Duara la vipande 6: kwanza mama anawauza wale wachache walioonekana wametulia. Pili, mteja aliyekula haamki, ila anapumua. Tatu, gunia mbili zinapakiwa stesheni kwenda Dar. Nne, yule kijana wa Gungu anaonekana anatembea kuelekea majini saa saba usiku. Tano, treni inaondoka. Sita, siku za giza zinaingia na hakuna taa inayowaka ziwani.

Onyo la hapa: mwisho usiwe mmoja. Wanaweza kurudisha mzigo, wanaweza kujadiliana, wanaweza kulichukua deni wao. Mkijikuta mnabishana sesheni nzima nani amlipe Mama Zawadi hela ya marejesho, hongera, kesi imeenda vizuri kuliko hata wangempiga mtu.

## Hatua ya 7: Rusha dadu pale tu ambapo pande zote mbili, kufanikiwa na kuharibika, zinanoga

Hesabu kwanza. Dadu 2 zina matokeo 36. Bila nyongeza, 15 ni 6 kushuka chini, 15 ni 7 mpaka 9, na 6 tu ndo 10 kwenda juu. Mtu mwenye +2 kwenye anachokiweza, kuharibikiwa kunashuka mpaka 6 kati ya 36. Kwa hiyo ukimrushisha mtu dadu kwa kila kitu, kufungua mlango, kuwasha pikipiki, utamfanya nesi mzoefu aonekane hajui kushika sindano.

Na dalili ya lazima usiifungie nyuma ya dadu. Ukienda sehemu sahihi ukauliza mtu sahihi unaipata. Dadu zinaamua unaipata kwa bei gani.

Mfano wa mezani:

Dereva boda: "Namfuata yule kijana mpaka nijue analala wapi."

Karusha, kapata 8. Usiseme tu "sawa umefika." Sema: "Umefika, nyumba ya bati jekundu Gungu, umeiona. Lakini ili uifikie njia ni ile kona yako. Unapita au unawaita wenzako mpoteze muda?" Akiwaita wenzake, paka kipande.

Kapata 5? Neno "umeshindwa" lifute kabisa. Sema: "Kaingia ndani, kafunga. Umesimama mlangoni unasikia maji yanajaa chumbani, na yeye anaongea kwa upole kama anamuaga mtu. Unafanya nini?" Kuharibika ni kusogeza stori mbele kwa upande mbaya, sio kuisimamisha.

Wakinyamaza wote, usijaze kimya kwa kuhadithia. Mgeukie mmoja, mwite kwa jina la mhusika, muulize "wewe uko wapi sasa hivi?" Inafanya kazi karibu kila mara.

## Hatua ya 8: Kufunga sesheni

Robo saa ya mwisho simamisha hata kama bado kuna utamu. Pitia madeni: nani ana punje ngapi na za nani, andika kwenye kauntabuku, kwa sababu wiki ijayo kila mtu atasema alikuwa na moja. Muulize kila mchezaji mhusika wake anataka kufanya nini kesho yake asubuhi. Majibu hayo ndo maandalizi yako, huna haja ya kukesha unatunga, chukua mawili yanayogongana anzia hapo.

Na mchezaji akikosa kuja, usiahirishe. Mhusika wake kapanda treni kwenda Kaliua kumuona shangazi, treni imechelewa, atarudi atakaporudi. Punje zake zinabaki mezani, na akiwa safarini unaweza kuzidai.